Binti Anataka Kusomea Mawe: Mwendo wa Maji na Hewa Chini ya Ardhi

(Somo la redio kwa vikundi vya wasikilizaji watu wazima. Msemaji ni Afisa Elimu.)

Natumaini viongozi wa vikundi wameweka tayari vile vitu tulivyoomba juma lililopita: kopo moja tupu, karanga zilizomenywa za kulijaza, na maji kidogo. Kikundi kisicho na karanga kitumie kokoto ndogo. Wala msile karanga kabla ya somo, maana tutazihitaji mara mbili.

Somo la leo limetokana na barua. Mzee mmoja wa Mvumi Makulu ameniandikia kurasa mbili kwa mwandiko mzuri sana. Jina lake sitalitaja, kwa kuwa mambo aliyoyaeleza ni ya nyumbani kwake. Anasema kitongoji chao kilichangishana fedha, ikaja mashine ya kuchimba visima. Kisima cha kwanza kilitoa maji, na hadi leo kinatoa. Watu wakafurahi, wakachanga tena. Cha pili kikachimbwa hatua kama mia tu kutoka kile cha kwanza, tena kirefu zaidi, kikatoka kikavu kama kifuu cha nazi. Fedha zikaenda, na maneno yakaanza. Mzee anauliza: imekuwaje ardhi ile ile, chini ya jua lile lile, hapa iwe na maji na pale isiwe nayo?

Swali lake la pili ni hili. Binti yake amemaliza kidato cha sita na amefaulu fizikia, kemia na jiografia. Mzee angependa asomee uuguzi, kwa sababu Mvumi kuna hospitali na kazi ya uuguzi inajulikana. Lakini binti anataka kusomea jiolojia, yaani elimu ya miamba. Anaandika: “Nilimwuliza, mwanangu, utakula mawe? Akanijibu, baba, nitatafuta maji. Basi naomba mwalimu wa redio aniambie kama hiyo ni kazi au ni ndoto.”

Mzee wangu, shikamoo. Maswali yako ni mawili, lakini jawabu lake ni moja, na litachukua somo zima. Tuanze na kisima.

Kiongozi wa kikundi, jaza kopo karanga mpaka ukingoni. Waulize wenzako: kopo limejaa? Watasema limejaa. Sasa mimina maji polepole. Mtaona kwamba kopo lililojaa lapokea maji mengi bado kabla hayajamwagika. Maji hayo yamekaa wapi? Yamekaa katika nafasi zilizo kati ya karanga na karanga. Basi hivyo ndivyo maji yakaavyo chini ya ardhi. Watu wengi hudhani kwamba huko chini kuna mito ipitayo kwenye mapango, au ziwa lililofunikwa. Mahali pachache pana mapango ya namna hiyo, lakini kwetu uwanda wa kati maji ya chini ni maji yaliyokaa katika nafasi ndogo ndogo za mchanga, na katika nyufa za mwamba.

Nafasi peke yake haitoshi. Hapana budi ziwepo na njia za kutoka nafasi moja kwenda nyingine. Udongo wa mfinyanzi una nafasi nyingi mno, lakini ni nyembamba hata maji hayapiti. Huyashika kama bahili ashikavyo fedha. Mchanga una nafasi kubwa zilizounganika, kwa hiyo maji huingia na kutoka. Ama ule mwamba mgumu wa granaiti, ambao vichwa vyake mwaviona vimetokeza juu ya ardhi kila mahali katika Dodoma, hauna nafasi kabisa ndani yake. Maji yake ni yale yaliyomo kwenye nyufa, na katika tabaka la juu lililooza kwa jua na mvua za miaka mingi mno, mpaka likawa kama changarawe.

Sasa mzee waona. Kisima cha kwanza kilipita katika ufa, au katika shimo la mwamba uliooza. Kile cha pili kilishuka katika mwamba mzima usio na ufa. Katika granaiti, hatua mia ni mbali sana. Wala kuchimba zaidi hakusaidii sikuzote, kwa kuwa kadiri unavyoshuka ndivyo uzito wa mwamba unavyozibana nyufa.

Je, yawezekana kujua kabla ya kuchimba? Si kwa yakini, lakini yawezekana kupunguza kubahatisha. Mtaalamu huchomeka vyuma ardhini, akapitisha umeme kidogo, akapima jinsi ardhi inavyoukataa. Mwamba mkavu huukataa sana. Mwamba wenye maji huupitisha kwa urahisi. Lakini kuna mtego hapo: udongo wa mfinyanzi na maji ya chumvi navyo huupitisha. Ndiyo maana mtaalamu hatazami kipimo kimoja tu. Hutazama miti, miinuko, picha za ardhi zilizopigwa kutoka juu, na daftari za visima vya jirani. Wako pia watu watembeao na kijiti kilichogawanyika wakisema kinainama penye maji. Sina ugomvi nao, ila nimeona kwamba siku wanapokosa hawaandiki popote. Kabla ya kumlaumu mwenye mashine, mzee, ningependa kitongoji kiulize kwanza: kuna aliyepima mahali hapo kabla ya kuchimba, na je, matokeo yake yaliandikwa? Kisima kikavu kilichoandikwa vizuri ni msaada kwa atakayechimba baadaye.

Elimu hii ya mwendo wa maji ilianzia kwenye shida kama ya kwenu. Alikuwako mhandisi Mfaransa, jina lake Henry Darcy, aliyezaliwa mwaka 1803 katika mji wa Dijon, naye ndiye aliyeuletea mji wake maji safi. Alitaka kujua ni maji kiasi gani yatapita katika mchanga wa kuchujia. Hakukisia. Alisimamisha bomba, akalijaza mchanga, akapitisha maji, akapima. Akaongeza mchanga, akapima. Akazidisha msukumo wa maji, akapima. Matokeo akayachapisha mwaka 1856, miaka miwili kabla ya kufa kwake. Aliona kwamba msukumo ukiongezeka maradufu, maji yapitayo huongezeka maradufu. Na mchanga ukirefuka maradufu, maji hupungua nusu. Kila aina ya mchanga au mwamba ina kiasi chake cha kupitisha. Kanuni hiyo ndogo ndiyo itumiwayo mpaka leo na wote wanaoshughulika na vitu viendavyo chini ya ardhi, viwe maji, mafuta au gesi. Likumbukeni jambo hilo, tutalirudia.

Sasa tuje nyumbani. Kaskazini ya mji wa Dodoma kuna bonde la Makutupora. Kwa miaka mingi visima vya bonde hilo ndivyo vilivyokuwa chanzo kikuu cha maji ya mji. Tangu mwaka 1955 watu wa idara ya maji walikuwa wakiteremsha utepe katika visima fulani vya Makutupora, wakapima maji yapo umbali gani kutoka juu, wakaandika. Ukoloni ukaisha, wakaandika. Mwaka 1973 ikaamuliwa Dodoma iwe makao makuu ya nchi, mahitaji yakakua, wakaendelea kuandika. Pengine yule aliyekuwa akienda na baiskeli au gari bovu kupima kisima kimoja hakujua kwamba ulimwengu utakuja kuyasoma maandishi yake. Lakini ilikuwa hivyo. Mwaka 2013 jarida moja kubwa la sayansi lilichapisha kazi ya Profesa Richard Taylor wa London pamoja na wenzake, wakiwamo Lister Kongola na Emmanuel Nahozya wa Wizara ya Maji ya Tanzania. Walikuwa wamechukua vipimo vya Makutupora vya miaka 55, kuanzia 1955 hadi 2010, wakavilinganisha na vipimo vya mvua. Katika Afrika ya tropiki, maandishi marefu namna hiyo juu ya kisima ni adimu mno.

Waliona nini? Sisi sote tungedhani kwamba kila kifuku mvua hushuka, maji huingia chini, na kiangazi hupungua. Mwaka ujao vivyo hivyo. Sivyo. Mvua ya kawaida ya Dodoma, ambayo ni kama milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, karibu yote hurudishwa angani na jua na mimea. Kwa miaka mfululizo maji ya Makutupora hushuka tu. Kisha huja msimu mmoja wa mvua kubwa isiyo ya kawaida, na maji yale ya chini huruka juu. Kupanda kukubwa kuliko kote kulikuja na mvua za mwaka 1997 na 1998, zile ambazo kila mtu mzima Tanzania bado aziita El Niño. Msimu ule ulibomoa nyumba na kukata reli na barabara. Chini ya ardhi, bila mtu kuona, ulikuwa ukijaza akiba ya mji.

Niliposoma habari hizo mara ya kwanza nilisimama nikatembea chumbani. Maana yake ni kwamba mji unachota kila siku katika ghala ambalo hujazwa mara chache tu katika maisha ya mtu. Mtu atazamaye kisima kwa miaka mitano anaweza kusema ghala linaisha. Mwingine atakayekuja mara baada ya mvua kubwa atasema limejaa, tuongeze pampu. Wote wawili watakosea. Ukumbuke Kongwa, jirani zetu, kati ya 1947 na 1951. Serikali ya Kiingereza ilileta matrekta mengi kulima karanga nchi ambayo mvua yake haikuaminika na udongo wake ukikauka hugeuka kama saruji. Wenyeji wa pale walijua tabia za mvua hiyo. Hawakuulizwa vya kutosha.

Bado palikuwa na swali: maji yale ya mvua kubwa huingilia wapi? Sakafu ya bonde la Makutupora ina udongo mweusi wa mbuga, na udongo huo ukilowa huvimba na kuziba. Kuanzia kifuku cha 2015 hadi 2016 wataalamu, akiwamo Profesa Japhet Kashaigili wa Chuo Kikuu cha Sokoine, waliweka vyombo vya kupima kila saa visimani na kwenye mito. Matokeo yalichapishwa mwaka 2021. Yalionyesha kwamba njia kubwa ni mito ya mchanga, ile inayotiririka siku chache tu kwa mwaka, kama Kinyasungwe Mdogo. Mto ukishuka kwa nguvu, maji hupenya sakafu yake ya mchanga. Kadiri siku za mto kutiririka zinavyozidi, ndivyo ghala lijazwavyo.

Watu wa Mvumi, hili halipaswi kuwashangaza. Nani alimfundisha bibi yako kwamba mto ukikauka aende akachimbe mchangani kwa mkono na kibuyu? Yeye alijua kwamba mto haujafa, umeingia ndani. Mtaalamu amekuja kuongeza kipimo tu: ni kiasi gani, kinaingia lini, kinakaa muda gani. Wazee pia wanakumbuka mwaka 1986, mifugo ilipoondolewa katika tarafa ya Mvumi chini ya mpango wa Hifadhi Ardhi Dodoma, ulioanza 1973, kwa ajili ya makorongo yaliyokuwa yakila ardhi. Kama ilikuwa haki kuwaondolea watu ng'ombe wao ni mjadala mzito, nami leo siuingilii. Nataka mtazame korongo kwa jicho la mtu wa maji: ardhi iliyovuliwa majani haipi mvua nafasi ya kupenya mlimani, huitupa yote bondeni kwa saa moja pamoja na udongo.

Wataalamu wale walisema pia kwamba dunia ikizidi kupata joto na mvua kubwa zikawa nyingi zaidi, huenda maji ya chini ya nchi kama yetu yakanufaika. Ni habari njema nusu. Mvua hiyo hiyo huangusha tembe na kuozesha mazao.

Kabla sijaacha habari ya maji, neno moja kwa wenye vyoo karibu na visima. Kinachotembea chini si maji matupu. Mwaka 1996 Hudson Nkotagu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliandika juu ya naitreti nyingi iliyopatikana katika maji ya visima vya Dodoma, na uchafu wa vyoo ulikuwa mmoja wa vyanzo vyake. Naitreti haina rangi wala harufu. Kuchemsha hakuiondoi. Hudhuru hasa mtoto mchanga anayekorogewa maziwa ya kopo kwa maji hayo. Maji hufuata mteremko chini kama juu. Choo kisichimbwe upande wa juu wa kisima.

Haya, tumemaliza nusu ya jawabu. Mzee atasema: vema, binti atajua mambo ya visima vya Dodoma, basi? Hapana. Niliwaomba mkumbuke kanuni ya Darcy. Ajuaye mwendo wa maji katika mwamba ameshika ufunguo wa milango mingine mingi. Nitawapa mfano wa mwanamke mmoja, Sally Benson wa Marekani. Alisomea jiolojia, kisha akafanya kazi miaka mingi katika maabara kubwa ya Berkeley, California. Alianza na maji ya moto yaliyo chini ya ardhi, yanayotumiwa kuzalisha umeme. Katika miaka ya 1980 palitokea balaa mahali paitwapo Kesterson: ndege wa majini walitotoa vifaranga wenye vilema, kwa sababu maji yaliyochujika kutoka mashambani yalikuwa yamebeba sumu ya seleni. Benson alikuwa mmoja wa walioongoza kuchunguza sumu hiyo ilivyokuwa ikienda chini ya ardhi. Baadaye akaja kuwa miongoni mwa wanaoaminiwa zaidi duniani katika jambo jipya, nalo ni kuhifadhi hewa ukaa chini ya ardhi. Ripoti ya wataalamu wa Umoja wa Mataifa juu ya jambo hilo ilipotolewa mwaka 2005, yeye alikuwa mmoja wa viongozi wa sura ya uhifadhi huo ardhini. Kisha akafundisha Chuo Kikuu cha Stanford. Tazameni njia hiyo: maji ya moto, maji yenye sumu, kisha hewa. Elimu iliyombeba ni ile ile.

Hewa ukaa ni nini? Ni ile hewa unayoitoa unapopumua, na itokayo kila unapochoma kuni, mkaa, dizeli au makaa ya mawe. Imezidi angani kwa sababu ya viwanda na magari ya dunia, nayo huizuia dunia isipoe. Sisi wa Mvumi hatukuchoma sehemu kubwa ya makaa hayo, lakini ukame na mafuriko hayaulizi nani alichoma. Basi wataalamu wakasema: mbona tusiikamate hewa hiyo kiwandani, tuisukume chini kwenye mwamba wenye nafasi, ikae huko?

Ikisukumwa chini zaidi ya mita 800 hivi, uzito wa yaliyo juu yake huibana hata ikawa nzito karibu kama kimiminiko, na haichukui nafasi kubwa. Wanorwe walianza mwaka 1996, baharini mahali paitwapo Sleipner. Gesi wanayoichimba pale ina hewa ukaa ndani yake. Wameitenga na kuisukuma katika mchanga uliojaa maji ya chumvi chini ya sakafu ya bahari, karibu tani milioni moja kwa mwaka kwa miaka mingi. Wametuma mawimbi ya sauti chini, kama daktari amtazamavyo mtoto tumboni kwa mashine, wakaona hewa inavyoenea chini ya kifuniko cha mwamba wa mfinyanzi.

Chukueni tena lile kopo la karanga. Mwageni maji yote. Yametoka? Guseni karanga: zimelowa. Kuna matone yaliyonasa katikati yasiyotaka kutoka. Hivyo ndivyo sehemu ya hewa ukaa inavyonasa katika nafasi za mwamba. Sehemu nyingine huyeyuka katika maji ya chumvi, kama gesi ilivyo ndani ya soda. Na sehemu nyingine hugeuka jiwe. Katika kisiwa cha Iceland, mwaka 2012, waliiyeyusha hewa hiyo katika maji wakaisukuma kwenye mawe meusi ya volkano. Matokeo yalipotolewa mwaka 2016, zaidi ya asilimia 95 ilikuwa imegeuka mawe katika muda usiofika miaka miwili. Wengi walikuwa wakidhani kazi hiyo yahitaji mamia ya miaka. Lakini walihitaji karibu tani 25 za maji kwa kila tani ya hewa. Mtu wa Dodoma akisikia hivyo lazima ashike kichwa.

Nasikia kikundi kimoja kinauliza: je, haitatoka ikatuua? Swali hilo si la ujinga. Ndugu zetu wa Goma, mashariki ya Kongo, wana neno kwa hewa hiyo itokayo ardhini: mazuku. Ni nzito kuliko hewa ya kawaida, hutuama mabondeni na mashimoni, na mtu au mbuzi aingiaye hufa bila kelele. Huko Cameroon, mwezi wa Agosti 1986, ziwa Nyos lilitapika hewa ukaa nyingi usiku, wakafa watu zaidi ya 1,700. Kwa hiyo anayesema hakuna hatari yoyote asisikilizwe. Hatari hasa ni nyufa zisizojulikana, na visima vya zamani visivyozibwa vizuri. Lakini tuutazame upande wa pili. Gesi ya Songo Songo, iliyogunduliwa mwaka 1974 na inayotumika Dar es Salaam tangu 2004, ilikaa chini ya kifuniko chake cha mwamba mamilioni ya miaka kabla ya mtu kuitoboa. Na huko Rungwe, karibu na mlima Kyejo, hewa ukaa itokayo ardhini yenyewe imevunwa na kuuzwa viwandani, hata kutiwa katika soda. Ardhi hushika, na ardhi huvuja. Inategemea mwamba, na mwamba haujulikani mpaka upimwe.

Msije mkadhani nasema hewa ukaa ya viwanda iletwe kufukiwa Mvumi. Granaiti yetu haina nafasi ya kuipokea. Penye miamba ya mchanga kama pwani, au miamba ya volkano kama nyanda za juu na bonde la ufa la Kenya, hapo ndipo pa kuchunguza. Na siku mtu atakapokuja na karatasi akisema anataka kusukuma kitu chini ya ardhi ya Watanzania, nani ataketi mezani kumwuliza maswali? Lazima awepo mmoja wetu anayejua kusoma hizo karatasi.

Basi mzee, hiyo ni kazi. Dodoma yenyewe ni nyumba ya zamani ya elimu hii. Idara ya uchunguzi wa miamba ya Tanganyika iliundwa mwaka 1925, na makao yake yakawa Dodoma. Leo ni Taasisi ya Jiolojia, na bado iko Dodoma. Kuna Chuo cha Madini hapo hapo mjini. Chuo Kikuu cha Dodoma na cha Dar es Salaam hufundisha jiolojia, na Chuo cha Maji, Dar es Salaam, hufundisha mafundi na wataalamu wa maji ya ardhini. Wahitimu huajiriwa na Wizara ya Maji, wakala wa maji vijijini, bodi za mabonde, migodi, na shughuli za gesi. Sikudanganyi kwamba ajira yawasubiri wote mlangoni. Wengine hukaa mwaka au miwili wakiitafuta. Wala si kazi ya viatu safi. Atalala porini, atachomwa na jua, atachimbisha visima vitakavyotoka vikavu, na watu watamtazama kwa jicho lile lile mlilomtazama mwenye mashine. Uuguzi ni kazi njema pia, nami simtukani muuguzi. Nasema tu kwamba wagonjwa wengi wa hospitali huletwa na maji mabaya, na binti yako amechagua kuanzia upande huo.

Kazi ya vikundi kwa mwezi huu ni kupima. Chagueni kisima kimoja cha wazi. Chukueni kamba iliyooshwa kwa sabuni na kusuuzwa vizuri, mfunge jiwe safi mwisho wake, na mtie fundo kila nusu mita. Asubuhi kabla ya mtu yeyote kuchota, mtu mzima mmoja aiteremshe huku mwingine akimshika, mpaka jiwe liguse maji. Hesabuni mafundo kutoka ukingo wa kisima. Andikeni tarehe, saa, kina, na kama mvua ilinyesha juma hilo. Rudieni kila mwezi tarehe ile ile, hata kama mnaona hakuna kilichobadilika. Kutobadilika nako huandikwa. Msiache mwezi kwa ajili ya harusi au mavuno. Daftari likae kwa mwenyekiti wa kikundi, si kwa mtu anayehamahama.

Na kwa kikundi cha mzee wetu wa Mvumi Makulu, mwandishi wa daftari awe huyo binti, mpaka siku atakapoondoka kwenda chuoni. Akiondoka, akabidhi kalamu kwa mwingine. Kwaherini hadi juma lijalo, siku na saa kama hii.